Mama Fizio anajibu: Nikandwe au nisikandwe?

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu kiuno, tena kama mfano, nikaendelea na magoti yangu. Magoti hakuna aliyeyauliza. Barua zilizokuja ni za viuno, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kukandwa. Sishangai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020, na nikitazama benchi la nje ya chumba changu cha tiba ya viungo, hospitalini hapa Tanga, kila Jumatatu asubuhi, naona kama wengine walisahauliwa kuhesabiwa. Nimechagua barua chache. Ya mwisho imenichoma, lakini nitaijibu.

*

"Shikamoo Mama Fizio. Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe, nina miaka 38. Wakati wa kazi nyingi za Idi, sare za harusi na madera, kiuno kilinishika upande wa kulia. Hakishuki mguuni, kinauma palepale juu ya nyonga, na asubuhi nainuka kitandani kwa vituo. Nikapiga eksirei, nikaambiwa pingili zimeanza kusagika. Jirani akanipeleka kwa mzee mmoja anayekanda. Ananichua kwa mafuta ya nazi yenye karafuu, mwisho ananikanyaga kwa kisigino. Usiku huo nalala kama mtoto. Keshokutwa yake kiuno ni kilekile. Nimeshakwenda mara sita, kila safari shilingi 5,000, na mume wangu ameanza kununa. Je, kukandwa kunatibu au kunatuliza tu? Na pingili zilizosagika hazitaharibika zaidi?" — Fundi cherehani, Korogwe

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo eksirei, maana naona imekutisha kuliko kiuno chenyewe.

"Kusagika" ni neno la kutisha kwa jambo la kawaida. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za CT na MRI za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo, wakatazama kilichomo. Wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa tayari na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa. Wa miaka 40 walikuwa 68. Wa miaka 80 walikuwa 96. Na hao wote hawalalamiki! Kuchakaa huko ni kama nyufa za visigino: zipo, zinaonekana, na mwenyewe anatembea zake. Kwa hiyo usiogope kwamba mkono wa mtu utakusaga zaidi. Kati ya kidole cha mkandaji na pingili zako kuna ngozi, mafuta, na misuli iliyosokotana kama kamba za jahazi. Kisigino ni habari nyingine, nitakifikia.

Sijakupima, kwa hiyo nakisia tu, lakini unavyoeleza naona misuli. Maumivu yamekaa upande mmoja, hayashuki mguuni, hukutaja ganzi, yalianza kwenye msimu wa kazi nyingi, na asubuhi yanakaza. Kila upande wa kiuno kuna msuli mmoja bapa, wenye pembe nne, unaotoka juu ya mfupa wa nyonga na kujishikiza kwenye ubavu wa mwisho na pembeni mwa pingili. Kazini tunauita kwadratusi. Ukibeba ndoo ya lita 20 mkono wa kushoto, wa kulia ndio unaokuzuia usiangukie upande wa ndoo. Na ukikaa kwenye kigoda kifupi kwa muda wa saa nane, mguu kwenye kanyagio, mwili umejinyonga kidogo kukifuata kitambaa kinapokwenda, msuli huohuo unashikilia, unashikilia, unashikilia. Watu hudhani misuli huumizwa na mzigo mzito. Inaumizwa pia na kazi nyepesi isiyo na mapumziko. Shikilia kikombe kitupu mkono ukiwa umenyooka uone kama utafika dakika kumi.

Rais Kennedy wa Marekani alikuwa na mgongo mbovu kuliko wako, amepasuliwa zaidi ya mara moja. Daktari wake, Janet Travell, aliyejulikana kwa kazi yake juu ya maumivu ya misuli, alimpendekezea kiti cha kubembea. Sababu yake ilikuwa nyepesi: kwenye kiti kile misuli ya mgongo haipati nafasi ya kukaa tuli. Sina maana uende ukanunue kiti.

Sasa swali lako lenyewe. Mkono haupasui mafundo, haurudishi mifupa, wala hautoi sumu. Hayo husemwa ili mteja aone thamani ya hela yake. Mkono unazungumza na neva, yaani mishipa ya fahamu. Msuli uliokaza mara nyingi umekaza kwa sababu mwili umeingiwa na hofu ya kuumia tena, basi unajifunga kama mtu aliyejikunyata. Joto, mafuta, mgandamizo wa polepole, vyote vinauambia mwili kwamba hapa hakuna hatari, achia. Unaachia kweli. Ndiyo maana usiku ule ulilala. Lakini kulegea huko ni kwa saa kadhaa au siku mbili tatu, kisha unarudi kwenye kigoda kilekile, na mwili unajikunyata upya. Wewe wa Korogwe unayajua mashamba: mvua ya vuli inalainisha udongo, usipopanda, jua likiwaka udongo unarudi jiwe. Umenyeshewa mara sita, mwanangu, na hujapanda hata punje.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kwa watu wazima wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, unautaja uchuaji na tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo miongoni mwa vinavyofaa, pamoja na mazoezi na kumwelewesha mgonjwa hali yake. Neno la kushika hapo ni "pamoja".

Ungekuja kwangu, dakika kumi za kwanza nisingekugusa. Ningekuuliza, kisha ningekuambia inama, rudi nyuma, pinda kulia, pinda kushoto, nione wapi unasita. Ungelala chali nikuinue mguu ulionyooka, nipime nguvu ya kidole gumba cha mguu, nipitishe pamba miguuni nione kama unahisi sawasawa pande zote. Nikiridhika kwamba neva ni nzima, ningekulaza ubavu wa kushoto, mto mdogo chini ya kiuno, ili upande wa kulia ufunguke kati ya ubavu na nyonga. Taulo la maji moto lililokamuliwa, robo saa. Halafu kiganja kwanza, kizima, polepole; baadaye kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja; dole gumba mwisho kabisa na kwa sehemu ndogo tu. Maumivu yasipite nusu ya yale unayoweza kuvumilia. Ukibana pumzi, nimezidisha, hata kama mdomo wako unasema "endelea tu". Wanawake wa kwetu wanajua kusema endelea tu.

Kisha kuna ufundi mmoja ninaoupenda kuliko yote, na hauna nguvu hata kidogo. Naweka mkono juu ya nyonga yako, nakuambia ipandishe kuelekea ubavuni kwa nguvu ndogo sana, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba alicholala mtoto. Mimi nazuia. Tunahesabu hadi saba. Unavuta pumzi, unaitoa, unaachia, na mimi nafuata pale nyonga iliposhuka, sivuti. Tena, mara nne. Msuli uliotumika kidogo na kupumzishwa mara moja hulegea kuliko ule uliopigwa ngumi. Nimewaona wabeba mizigo wa bandarini, mabega kama milango, wakishuka kitandani wanashangaa kwamba hakuna aliyewaumiza.

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Mgonjwa amelegea, tunamfunika kanga, tunamwambia kapumzike. Hapana. Simama, inama sasa, uone umefika wapi. Tembea ukumbini. Kisha tushuke kwenye mkeka. Lala chali magoti umeyakunja, inua makalio taratibu, hesabu tano, shusha, mara kumi. Piga magoti kwa mikono na miguu, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, hesabu saba bila kuyumba, badilisha. Anza na mara tano kila upande. Malizia na mkao unaofanana na sijida, ila makalio yashuke mpaka visiginoni na mikono ielekee kushoto, utahisi upande wa kulia unavutika. Asubuhi na jioni. Haizidi dakika kumi na mbili, nimejipima.

Kazini, kigoda hicho kitupe. Kaa juu kiasi cha viwiko vyako kuwa sawa na meza ya cherehani. Na kila ukimaliza kushona upande mmoja wa dera, simama, nenda mlangoni, salimia mpita njia, rudi. Mteja atangoja.

Nyumbani unaweza kujichua mwenyewe: mpira wa tenisi, au chungwa bichi la Muheza kama mpira hakuna, kati yako na ukuta, kwenye nyama ya makalio upande wa juu na kwenye nyama ya pembeni ya kiuno, si juu ya mfupa. Dakika mbili zinatosha. Chungwa usilile baadaye.

Yule mzee, akikuchua vizuri, sikukatazi kwenda tena mara moja moja, lakini mwambie kisigino akiache. Kuna mbavu hapo na kuna figo, na mguu wa mtu haupimi uzito wake kama kiganja. Mafuta ya karafuu yachanganywe na nazi nyingi, kwani yakiwa makali yanaunguza ngozi. Na usipake dawa ya kuchua inayowasha halafu ukaweka chupa ya maji moto juu yake; nimeona malengelenge ya ukubwa wa shilingi. Fuata haya wiki sita. Pasipokuwa na nafuu, njoo hospitali upimwe upya. Mume wako mwambie mazoezi ni bure.

*

"Mama Fizio, mimi dereva wa lori, Dar mpaka Tunduma. Kuna jamaa ananilaza ubavu, ananinyonga, mgongo unalia ta-ta-ta, anasema pingili zilitoka na sasa zimerudi. Napata nafuu, lakini kila mwezi zinatoka tena. Kwa nini hazikai?" — Dereva, Chalinze

Hazikai kwa sababu hazikutoka, kaka yangu. Pingili ikitoka mahali pake kweli usingepanda kwenye kabini, ungebebwa kwa machela. Mlio huo ni wa hewa. Ndani ya viungo vidogo vya mgongo kuna ute, na kiungo kikivutwa ghafla hewa iliyoyeyuka kwenye ute hujikusanya kama povu na kulia. Ni mlio uleule wa vidole ukivinyonga. Kunyonga huko kunaweza kukupa nafuu ya muda, sikatai, kwani misuli inayozunguka kiungo hulegea kidogo. Lakini nafuu haitegemei mlio. Nimewanyonga watu wakanyamaza kimya viungo vyao na wakaondoka wamenyooka. Anayekufanyia awe amesomea, na asiguse shingo yako kwa mtindo huo. Kama mifupa ni dhaifu, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mguu umeanza kulegea, usikubali kabisa.

Swali langu kwako ni la mfuko wa nyuma. Pochi iko wapi unapoendesha? Nimewatoa madereva watatu pochi nene kama matofali, wamezikalia miaka, nyonga moja juu, moja chini. Iweke kwenye dashibodi. Simama Morogoro, simama Ruaha Mbuyuni, simama Makambako, shuka utembee dakika kumi kabla hujagusa turubai. Ndani ya hifadhi ya Mikumi usishuke, simba nao wana njaa. Na ukishuka kabini, shuka kwa ngazi, usiruke. Kuruka baada ya saa nne za mtikisiko, halafu kuinua gurudumu, ndiyo "kutoka kwa pingili" kwako.

*

"Mume wangu ni mvuvi, ana miaka 57. Mgongo unamuuma miezi miwili sasa. Tunamkanda kila jioni mimi na mwanangu, lakini usiku ndio unazidi, hata akilala haupoi. Amekonda, shati zinampwaya, na alfajiri shuka limelowa jasho. Tumkande kwa mafuta gani?" — Mama wa watoto wanne, Pangani

Dada, msimkande kwa mafuta yoyote. Mpeleke hospitali wiki hii, na ukifika useme hayo matatu kabla hujaulizwa: maumivu ya usiku yasiyopoa akilala, kukonda, jasho.

Nakueleza kwa nini nimekuwa mkali. Mwaka wangu wa tatu kazini, nimetoka chuoni KCMC Moshi najiona najua, alikuja kwangu mkulima wa makamo mwenye mgongo kama wa mume wako. Nilimkanda wiki tatu. Alikuwa mpole, kila akija ananiletea ndizi, na kila akiondoka anasema "leo afadhali". Mimi nikaamini afadhali. Suruali alikuwa ameifunga kwa kamba, nikadhani ni umaskini. Siku moja muuguzi mmoja mtu mzima alipita, akamtazama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu alikuwa na mwili huu ulipoanza naye?" Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipata dawa, alipona, lakini mgongo ulibaki na kibyongo. Wiki zile tatu zingempunguzia kibyongo au zisingempunguzia, sitajua kamwe. Ndizi nilizila.

Sisemi mume wako ana kifua kikuu. Inaweza kuwa hicho, inaweza kuwa tezi dume iliyopeleka ugonjwa kwenye mifupa, inaweza kuwa jingine ambalo damu na picha vitaeleza. Kama ni kifua kikuu, dawa zake hospitali za serikali ni bure. Maumivu ya misuli yana tabia: yanabadilika ukigeuka, yana mkao yanaoupenda na yanaouchukia, na hayali mwili wa mtu. Yanayokula mwili si ya mkandaji.

Na kwa wasomaji wote, kuna jambo moja halisubiri hata kesho. Mtu mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi sehemu inayokaa kwenye tandiko la baiskeli, au mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila yeye kujua, au miguu ikaanza kulegea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Neva za chini zinabanwa, na zikibanwa muda mrefu hazirudi. Mwenye homa, au aliyeanguka kutoka mnazini, au aliyewahi kuugua saratani, naye aanzie kwa daktari.

*

"Nina mimba ya miezi saba, kiuno kinakatika. Bibi anataka anikande." — Mjamzito, Lushoto

Akukande, lakini ulale ubavu, mto katikati ya magoti, mikono yake iishie kiunoni na kwenye makalio, kwa upole, tumbo asiliguse. Usilale chali muda mrefu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hapo asichue kabisa, uende kliniki. Inaweza kuwa damu iliyoganda. Ukijifungua salama, ya arobaini na maji ya moto mtaongea na bibi, ila kama utajifungua kwa upasuaji, kidonda kiogopwe, na maji ayapime kwa kiwiko chake kwanza. Mikono ya bibi imezoea moto, ngozi yako haijazoea.

*

"Niliuziwa mkanda wa kiuno stendi, shilingi 35,000, nimeambiwa niuvae mchana na usiku, na nilale sakafuni." — Mstaafu, Handeni

Mzee wangu, shikamoo. Mwongozo ule wa 2023 nilioutaja hauipendekezi mikanda ya kiuno kwa maumivu ya muda mrefu, na mimi pia siipendi, isipokuwa kwa saa moja mbili siku ambayo ni lazima uinue kitu. Usiku uuvue. Sakafuni toka. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 ulilinganisha godoro gumu na la ugumu wa wastani, na wenye maumivu ya kiuno walipata nafuu zaidi kwenye la wastani. Kama la kwako limebonyea katikati, ligeuze kichwani kuwe miguuni kabla ya kununua jingine.

*

"Mama Fizio, toleo lililopita uliandika kwamba wakandaji wa mtaani wanawamaliza watu. Mimi nakanda hapa Ngamiani, huu mwaka wa 26. Nimefundishwa na marehemu mama yangu. Watu wanakuja kwangu kwa sababu kwenu wanapewa vidonge na tarehe ya mwezi ujao. Wewe una cheti, mimi nina mikono. Unataka tuache tule nini?" — Mkandaji, Ngamiani

Ndugu yangu, hili ndilo lililonichoma, kwa sababu una haki. Nilirudi nikausoma mstari ule. Niliandika "wakandaji" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kisigino kimoja. Naomba radhi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji Pangani. Hakujua kusoma. Lakini kabla hajafungua chupa ya mafuta alimuuliza kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, bila haya: "Mkojo unapita?" Nilikuwa mtoto, nilikuwa nacheka nyuma ya pazia. Miaka mingi baadaye, darasani Moshi, mwalimu akatufundisha swali hilohilo kwa maneno marefu, nikaona aibu ya kucheka kwangu. Jingine alilokuwa akifanya: akimaliza kumchua mwanamke hamwachi alale. Alimpa fagio la chelewa, "nifagilie uwanja taratibu". Tulidhani ni malipo.

Kwa hiyo sitaki uache. Mikono yako ya miaka 26 inajua joto la msuli kuliko ya kijana wangu aliyehitimu juzi. Ninachotaka ni kwamba uulize kabla ya mafuta: mkojo kugoma au kutoka wenyewe, ganzi, homa, kukonda, kuanguka, saratani, mimba, dawa za kuzuia damu kuganda. Anayejibu ndiyo kwa mojawapo, aende hospitali kwanza. Akishapimwa, utamkanda atakaporudi. Mimba peke yake, ikiwa hana dalili nyingine, mlaze ubavu tu kama nilivyomwandikia wa Lushoto. Usimsimamie mtu mgongoni. Usimvute mtu mguu kwa nguvu kuurefusha. Ukikanda mara nne, tano, na hali ni ileile, mwambie ukweli, hata kama wiki hiyo mfuko umekauka. Na mpe kitu cha kufanya akiondoka: atembee mpaka barabarani na kurudi, ainame mbele yako mara kumi, chochote, ilimradi asiende kujilaza.

Hilo la vidonge na tarehe ya mwezi ujao, umenipata. Mgonjwa wa kiuno akisubiri wiki nne, mara nyingi kinakuwa kimeshapoa chenyewe, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba tumemtibu. Kwangu nimeanza kuwaona wenye viuno vipya Alhamisi mchana bila tarehe, wakija mapema.

Nina swali na mimi. Madole gumba yako yakoje? Miaka 26 ya kusukuma kwa dole gumba, nina hakika asubuhi hayakunjiki. Tumia kigasha na kiwiko, kitanda kifike usawa wa ngumi yako ukisimama mkono umening'inia, na uegemeze uzito wa mwili badala ya kusukuma. Maneno hayatoshi kueleza, ni lazima uone. Njoo hiyo Alhamisi, uliza chumba cha fizio, nitakulaza wewe kitandani kwanza. Na uje na yale mafuta, yangu ya hospitali yananuka dawa na wagonjwa hawayapendi.